Aliyeua ana miaka 17: akae ndani mpaka lini?

Mwezi huu barua tatu zimekuja na jambo moja, mtoto aliyeua. Nimezifupisha na majina nimeyaacha nje, hasa ya watoto, kwa kuwa sheria hairuhusu kuyatangaza. Wengine mlioniuliza juu ya mirathi mnivumilie, zamu yenu inakuja.

*Shikamoo shangazi. Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda hapa Geita. Usiku mmoja alikodiwa na vijana wawili, wakamuua kwa panga njiani na kuondoka na pikipiki. Walikamatwa, kesi ikaenda miaka, mwisho Jaji akawatia hatiani wote. Yule mkubwa, wa miaka 19, amehukumiwa kunyongwa. Mdogo wake, ambaye mashahidi walisema ndiye aliyeshika panga, eti siku hiyo alikuwa na miaka 17, kwa hiyo atazuiliwa "kwa ridhaa ya Rais". Pale mahakamani mama aliniuliza kama ndiyo kaachiwa. Na kijijini kila mtu anajua kijana huyo alikuwa na kadi ya mpiga kura. Shangazi, damu ya mdogo wangu ina bei mbili? Huyo wa ridhaa atatoka lini, na nani atatuambia?*
*Kaka wa marehemu, Geita*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mjibu mama kwanza, leo leo: hajaachiwa. Yuko ndani, na hakuna aliyemtajia siku ya kutoka.

Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kinamkataza Jaji kutamka adhabu ya kifo kwa mtu ambaye siku ya kosa alikuwa hajatimiza miaka 18. Badala yake kinamtaka aamuru mtu huyo azuiliwe kwa muda atakaoridhia Rais, mahali na kwa masharti atakayoelekeza Waziri mwenye dhamana ya sheria. Jaji hana nafasi ya kuchagua hapo. Hata kama ushahidi wa lile panga ulimnyima usingizi, hawezi kuandika miaka 20, wala hawezi kuandika mitano. Anachoweza ni kumpelekea Waziri nakala ya ushahidi pamoja na taarifa yenye maoni yake, na baada ya hapo faili linahama mahakamani na kwenda Serikalini.

Umri huo wa 18 hatukuuokota tu. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ule wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003, na yote miwili inakataza mtoto kuhukumiwa kifo. Najua mstari huo unavyouma ukimwangukia ndugu yako. Mtu wa miaka 17 na miezi kumi ana nguvu za kuinua panga sawasawa na wa 19. Lakini popote utakapouweka mstari, kuna marehemu ambaye muuaji wake ataangukia upande wa pili kwa miezi michache, na kaka yake ataniandikia barua kama yako.

Sasa hiyo kadi ya mpiga kura. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka kustaafu, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kutafuta umri wa watoto wa watu. Kadi ya mpiga kura haina uzito mnaodhani, kwa sababu mtu alijiandikisha kwa kutaja mwaka wake kwa mdomo. Daftari la shule nalo silipendi. Kwetu huko nyuma mtoto alipopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Lisipofikiwa, rudi nyumbani. Likifikiwa, anaandikiwa miaka saba hata kama ni tisa, na mwaka huo wa kubuni unamfuata mpaka kaburini. Kwa hiyo nilikuwa naanzia kadi ya kliniki, ile ya chanjo, ambayo mama wengi wanaihifadhi sandukuni pamoja na kanga za harusi. Kisha cheti cha ubatizo kama kipo. Kisha namuuliza mama mzazi, na simuulizi mwaka: namuuliza alikuwa na mimba wakati wa njaa gani, au kabla ya kifo cha nani, au mtoto wa jirani yupi walizaliwa naye msimu mmoja. Nikiwa na hivyo vyote ndipo naandika. Majibu ya daktari aliyepima mifupa na meno huja na nafasi ya miaka miwili juu na chini, na kwa kijana wa 17 nafasi hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Kama mna kitu cha namna hiyo kinachoonyesha alishavuka 18, msikae nacho. Nyinyi ndugu hamwezi kukata rufaa wenyewe. Anayeweza ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwenda Mahakama ya Rufani, na notisi ya rufaa inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Mwoneni Wakili wa Serikali aliyeendesha kesi, na nendeni na karatasi mkononi. Maneno ya kijijini peke yake yatamchosha tu.

Nije kwenye bei mbili, maana ndilo lililonikalisha usiku.

Yule wa miaka 19 hatanyongwa kesho. Nchi hii haijamnyonga mtu tangu miaka ya 1990. Mwaka 2017, siku alipomwapisha Jaji Mkuu, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hapendi kupelekewa orodha ya wa kunyongwa. Marais waliomtangulia waliwabadilishia wengi adhabu hiyo ikawa kifungo cha maisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapa hapa Arusha, iliamua kwamba sheria yetu ya kumlazimisha Jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila muuaji inakiuka haki ya kuishi. Kwa hiyo ukiwatazama wale wawili leo, kila mmoja yuko ndani bila tarehe, mmoja akingoja kamba isiyokuja na mwingine akingoja saini. Mlichonyimwa nyinyi kwa wote wawili ni kitu kilekile: hamkuambiwa ni miaka mingapi.

Na hapo ndipo mimi ninapogombana na sheria. Sigombani nayo kwa kumnusuru kijana na kamba. Nagombana nayo kwa kukataa kuhesabu. Majirani zetu wamelitazama jambo hili. Kenya walikuwa na kifungu pacha cha hiki chetu, na watu saba waliozuiliwa kwa mtindo huo wakiwa watoto walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2017 Jaji John Mativo akasema kifungu kinakwenda kinyume cha Katiba yao: kupanga adhabu ni kazi ya mahakama, haiwezi kuachwa kwa Rais, na mtoto hawezi kuwekwa ndani bila mwisho unaojulikana. Uganda wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Watoto inasema mtoto aliyetenda kosa ambalo mkubwa angehukumiwa kifo, asizuiliwe zaidi ya miaka mitatu.

Mitatu! Hapo Waganda mnisamehe. Kwa kijana wa 17 aliyekodi bodaboda huku panga liko ndani ya koti, miaka mitatu siikubali, na sitaki kumwandikia mama yako kwamba inatosha. Wajerumani kwa wenye miaka 14 hadi 17 wameweka ukomo wa miaka kumi, hata kwa mauaji. Hiyo naielewa zaidi. Mimi sheria ingekuwa yangu ningempa Jaji uwezo wa kutaja miaka, ukomo uwe 15 kwa mbaya kuliko wote, na ikifika nusu arudishwe mbele ya Jaji, achunguzwe amekuwa mtu gani, na ndugu wa marehemu waitwe waseme wakiwa wamekaa kwenye viti, siyo wamesimama dirishani.

Kwa nini nisiseme afie humo? Kwa sababu nimekaa nao. Kijana mmoja wa miaka 15 alimpiga binamu yake kwa mpini wa jembe wakigombania zamu ya kunywesha ng'ombe, akamuua. Nilipomfuata kwa ajili ya ripoti ya mahakama, kitu cha kwanza aliniuliza ni kama ndama aliyekuwa akichechemea amepona. Wakili aliyekuwepo alikasirika, akaona mtoto hana utu. Mimi niliona hajaelewa bado kwamba binamu harudi. Baada ya miezi alielewa, na alipoelewa aliacha kula, ikabidi walezi wamkalie chini na uji. Mwingine alikuwa na 17, sawa na wenu. Alinisimulia jinsi alivyomvizia mwenye duka siku tatu, saa anazofunga, mlango anaotumia, mbwa alivyompa nyama ili amzoee. Sauti haikupanda wala kushuka. Huyo nilimwogopa, na niliandika kwenye ripoti kwamba namwogopa. Wote wawili hati yao ya mashtaka ilisomeka mauaji. Sheria isiyomruhusu Jaji kuwatofautisha hao wawili imetungwa na mtu asiyewahi kuvuta benchi akaketi mbele yao.

Wapo wanaonirushia ile methali ya samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini huyu ameshaua. Kumkunja kwenyewe kunataka mahali, walimu na muda. Shule ya maadilisho ya Serikali ambayo mahakama zetu zimekuwa zikiitegemea miaka yote ni moja, Irambo, kule Mbeya, na inapokea watoto, akifika 18 hapamhusu tena. Kijana wa 17 ambaye kesi yake imemaliza miaka mitatu anahukumiwa akiwa na ndevu. Anapelekwa wapi? Anachanganywa na watu wazima, na huko mwalimu wake ni jambazi aliyemzidi. Mwaka 2022, Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji, walipowasumbua watu wa Dar es Salaam, niliwasikia watu wazima na akili zao wakitaka wale vijana wapigwe risasi tu. Hasira nilizielewa. Lakini hakuna aliyeuliza wale waliowahi kushikwa kabla walikaa wapi na walifundishwa nini.

Kuhusu kuambiwa: msingoje barua. Andikeni nyinyi, kwa Wizara ya Katiba na Sheria, mtaje namba ya kesi, tarehe ya hukumu na jina la Jaji, mseme nyinyi ni ndugu wa marehemu na mnaomba maoni yenu yawekwe kwenye faili kabla ya uamuzi wowote wa kumtoa. Semeni mnachotaka kweli. Kama mnataka asirudi Geita, andikeni hivyo. Nakala mojawapo ipigwe muhuri wa kupokelewa, muitunze. Na kama huyo wa 19 au huyu mdogo ana mali, muulizeni Wakili wa Serikali habari ya fidia; pikipiki ilikuwa ya mkopo, nadhani, na mwenye mkopo hana msiba.

*Shangazi mnaandika mambo mengi. Marekani mtoto akiua anafungwa maisha, yameisha. Kwa nini sisi tunawabembeleza?*
*Mwenye duka, Kahama*

Hayakuisha, ndugu yangu. Ilibidi waanze upya mara kadhaa. Mwaka 2005 Mahakama yao ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilifuta adhabu ya kifo kwa waliokuwa chini ya miaka 18, katika shauri la Christopher Simmons wa Missouri aliyeua akiwa na 17. Mwaka 2012, katika shauri la Evan Miller wa Alabama aliyeua akiwa na 14, wakasema mtoto asipewe kifungo cha maisha kisicho na kutoka kwa sababu tu sheria imemfunga Jaji mikono. Kwanza Jaji amtazame ni nani, katoka nyumba gani, alifanya nini hasa. Usidhani waliwafungulia milango. Miller alirudishwa mahakamani, akatazamwa, na mwaka 2021 Jaji akampa kifungo kilekile. Mimi hilo silioni kama ulaini. Mtu ametazamwa.

Ukitaka kujua gharama ya kutomtazama, mchukue Henry Montgomery wa Louisiana. Mwaka 1963 alimuua askari wa ofisi ya sherifu wa eneo lao, akiwa na miaka 17. Alitoka Novemba 2021 akiwa na miaka 75. Wewe ni mfanyabiashara, piga mwenyewe hesabu ya chakula, dawa na mlinzi kwa muda wote huo, kisha uniambie ni nani alikuwa analipa kodi.

*Shangazi, naandika kwa shida. Mwanangu ana miaka 15. Walipigana na mwenzake wa shule, mwenzake alikuwa amemrukia, yeye akatoa kisu cha kumenyea machungwa, mtoto wa watu akafa. Yuko mahabusu ya watoto Tanga. Kila tukienda tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Watamnyonga? Nina deni kwa wale wenzangu waliofiwa, nataka kwenda, naogopa. Baba yake anasema tuuze shamba tuwape pesa yaishe.*
*Mama, Korogwe*

Dada yangu, pole. Na wao poleni, kama mnasoma.

Hatanyongwa, hilo litoe kichwani. Kinachoamua mengine ni kama mahakama itaona aliua kwa kukusudia au bila kukusudia. Ya kwanza inamrudisha kwenye ile ridhaa niliyoisema juu. Ya pili inampa Jaji uhuru mpana, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto asihukumiwe kifungo. Anaweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho. Kwa hiyo hilo la mwenzake kumrukia, na kisu kuwa cha machungwa, ndiyo mambo ya kuelezwa kwa usahihi. Msiyaongeze chumvi. Nani alianza, walikuwa wamesimama wapi, kisu kilikuwa mfukoni au kwenye meza ya biashara, wenzao gani walikuwepo. Afisa ustawi wa jamii atakuja nyumbani kuandika ripoti, na akija msimpambe mtoto. Kama aliwahi kupigana kabla, mwambieni. Nimeandika ripoti za watoto malaika, nikifika shuleni naambiwa mengine kabisa na mwalimu wa zamu, na Jaji akishaona familia inaficha hasikii tena hata mlilosema kweli.

Umri ushughulikieni sasa, kabla ya kesi kupanda Mahakama Kuu. Kama hana cheti cha kuzaliwa, nendeni RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya mkiwa na kadi ya kliniki. Upelelezi ukiburuzwa mpaka akafika 18, mkumbusheni wakili kila mara kwamba umri unaohesabiwa ni wa siku ya tukio. Wakili hamna haja ya kuuza shamba kumpata. Katika kesi ya mauaji mahakama humpangia mshtakiwa asiye na uwezo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yenu. Muulizeni huyo wakili jina lake na simu yake mapema, msimwone kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi. Dhamana msiitegemee, ni mauaji. Nendeni mkamwone mtoto kila siku wanayoruhusu, na baba naye aende. Watoto wengi wa pale wanatembelewa na mama peke yake, kisha tunashangaa.

Na shamba asiuze. Kesi ya mauaji haimalizwi na familia mbili, mwenye kesi ni Jamhuri. Pesa ikionekana imetoka kwenu kwenda kwa mashahidi au wafiwa kabla ya hukumu, mtamwongezea mtoto mzigo na mnaweza kujitafutia mashtaka yenu wenyewe. Kufidia kwa desturi zenu kupo, kutakuja, lakini baada.

Kwenda kwao nenda, ila usiende peke yako na usianze kwa mlango wao. Pelekeni wazee wawili, mmoja wa kwenu na mmoja wanayemheshimu wao, wakaulize kama mnaweza kupokelewa. Wakikataa, ni haki yao, rudini na mngoje, hata mwaka. Wakikubali, ingia, kaa chini kwenye mkeka na mama mwenzio, toa pole ya msiba. Usimtetee mwanao humo ndani. Usieleze nani alianza, hayo ni ya mahakamani. Akikutukana, nyamaza. Na muage kabla ya chakula, wasije wakajiona wanalazimika kuwapikia.